Mbegu Zachujwa, Bili Yapanda

Simu inayoogopwa kuliko zote katika kliniki za uzazi hupigwa siku moja baada ya mayai kutolewa: yamekusanywa, yamekutanishwa na mbegu, na hakuna hata moja lililorutubika. Katika mzunguko unaofuata, orodha ya bei huongezeka mstari mmoja, wa kuchagua mbegu.

Uingereza ni mahali pazuri pa kulitazama soko hili. Mwaka 2022 serikali iligharimia kama asilimia 27 tu ya mizunguko ya upandikizaji mimba. Iliyobaki wateja walijilipia wenyewe, na anayelipa kwa uchungu hana nguvu ya kubishana bei.

Hatua ya kwanza baada ya kushindwa haina utata. Kama mayai yaliachwa na mbegu kwenye sahani zikutane zenyewe, mtaalamu huhamia ICSI, yaani kuidunga mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, njia iliyotangazwa Brussels mwaka 1992. Mbegu huchaguliwa kwa macho tu, chini ya darubini inayokuza mara 400 hivi. Ni hapo wauzaji wa vifaa walipoona mlango.

IMSI hukuza mara 6,000 na zaidi ili kasoro za kichwa cha mbegu zionekane. PICSI hutumia sahani yenye hyaluronan, kemikali inayolizunguka yai, kwa hoja kwamba mbegu iliyokomaa hunata nayo. MACS huziondoa kwa sumaku mbegu zinazokufa. Chipu zenye vijia vyembamba huziacha mbegu ziogelee zenyewe bila kuzungushwa kwa kasi mashineni. Chipu na sahani hutumika mara moja na kutupwa, hivyo kila jaribio ni mauzo mapya. Biashara tamu.

Ushahidi ni mwembamba kuliko mabango. Jaribio kubwa la PICSI, HABSelect, lililochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2019, liliwachukua wanandoa 2,772 katika vituo 16 vya Uingereza. Waliopata mtoto wa mimba iliyotimia walikuwa asilimia 27.4 kwa PICSI na 25.2 kwa ICSI ya kawaida, tofauti isiyotosha kuthibitisha lolote. Mimba zilizoharibika zilipungua, kutoka asilimia 7.0 hadi 4.3, na ndiyo namba ambayo muuzaji mwerevu huitaja kwanza. Si uongo, ila haijibu swali la mtu ambaye mayai yake hayakurutubika kabisa.

Swali hilo mara nyingi jibu lake halipo kwenye kuchagua. ICSI inapogonga mwamba, sababu ya kawaida ni yai kutoamka baada ya kudungwa, wakati mwingine kwa kuwa mbegu haina protini ya PLC zeta inayolichochea. Wanaume wenye mbegu za vichwa vya duara ni mfano mkali: unachagua nini, ikiwa zote zina kasoro ileile? Kwao huzungumzwa kichocheo cha kalsiamu kinachoamsha yai, si darubini ya gharama.

Juni 2021 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilizikumbusha kliniki kwamba bei na ushahidi wa huduma za ziada ni lazima viwekwe wazi kwa mteja. Mteja mwenye fomu mkononi aanze kwa kuuliza mayai yake yalikwama hatua gani, na kifaa anachouziwa kinaigusaje hatua hiyo.