Kidonda cha Watasema

Wasomaji wetu wapenzi watatuwia radhi tukiwapa leo habari za mbwa. Wala si mbwa wa kifahari, ila mbwa jike mdogo mwekundu wa hapa Nyabiondo, mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja, wa namna ile ambayo Wahunde wa Masisi na Wanyanga wa Walikale wamewinda nayo tangu zamani za mababu. Jina lake ni Watasema. Mama mzee wa nyumba yetu ndiye aliyempa jina hilo, na majirani wanajua vema ni nani wanaoambiwa.

Mbwa wa msituni hubweka kwa nadra. Kwa hiyo mwindaji humfunga njuga ya mti shingoni, apate kujua alipo katika majani. Wazungu nao waliwapenda mbwa wa Kongo wa jamii hii. Wa kwanza walipelekwa Uingereza mwaka 1895, wakafa upesi kwa maradhi. Wengine wakaonyeshwa London mwaka 1937, wakaitwa Basenji. Jina hilo latokana na neno la kuwadharau watu wa porini, nasi hatulitumii nyumbani mwetu. Ila njuga tunaisifu, maana ndiyo iliyomwokoa Watasema.

Ilikuwa wakati wa mvua nyingi. Mbwa hakuonekana siku mbili. Asubuhi ya tatu mtoto wetu wa kiume alikwenda kuteka maji, akasikia njuga ikilia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Alimkuta amenaswa paja la nyuma na mtego wa waya wa breki ya baiskeli, uliotegewa funo. Mtoto alikuwa na akili: alivua shati akamfunika mbwa kichwa kabla hajaugusa waya. Mnyama mwenye maumivu humwuma hata bwana wake, na kichaa cha mbwa si jambo la mchezo. Mtu akiumwa na mbwa, na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali kuuliza habari za chanjo, ile ambayo Louis Pasteur alimpa mtoto Joseph Meister kwa mara ya kwanza mwaka 1885.

Tulipoukata waya tulifurahi bure. Jeraha lilikuwa jembamba kama uzi, tukadhani litapona kwa siku chache. Hatukujua kwamba waya huzuia damu, na nyama iliyokosa damu hufa polepole ndani kwa ndani. Siku ya tatu ngozi iligeuka nyeusi, ikaanza kunuka.

Hapo pakawa na ubishi nyumbani. Daktari wa mifugo, ambaye kazi yake ya kila siku ni ng'ombe wa milima ya Masisi, alikubali kumpasua, lakini malipo yake yalikaribia ada ya shule ya mtoto mmoja kwa muhula. Kaka yetu mkubwa alisema mbwa apigwe rungu, mambo yaishe. Mtoto akalia. Nasi tuliosoma seminari tukafungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile iliyotolewa mwaka 1992, namba 2418, tukitumaini kupata jibu rahisi. Hatukulipata. Namba hiyo yakataza kuwatesa wanyama bila sababu, na papo hapo yasema si haki kuwatumilia fedha ambazo zingepasa kuwaondolea watu taabu zao. Tulikaa kimya na kitabu wazi magotini. Mama mzee ndiye aliyemaliza shauri. Alisema Watasema ndiye alindaye mahindi tusiliwe na nyani, tena ada ya mtoto haitaguswa. Akauza majogoo wake wawili na mtetea, na sisi tukajazia kilichobaki kwa kuacha sukari katika chai.

Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akakata nyama iliyokufa, akashona. Akatuagiza jambo moja kwa mkazo: mbwa asilambe uzi. Tukachukua kidumu cha mafuta cha lita 5, tukakikata chini na juu, tukalainisha kingo kwa kitambaa, tukamvika shingoni kama kola ya askofu wa zamani. Watoto walicheka sana. Watasema hakucheka. Aligonga milango, hakuweza kujikuna, usiku alilia kwa sauti ile yao ya ajabu inayofanana na kuimba.

Siku ya nne tulimvua. Si watoto waliofanya hivyo. Ni sisi tuliomaliza falsafa. Tulimhurumia, na tena tulikumbuka mbwa waliomlamba Lazaro vidonda mlangoni pa tajiri. Wengi kwetu husadiki kuwa ulimi wa mbwa ni dawa. Lakini Mwinjili Luka alikuwa akieleza jinsi maskini yule alivyotupwa, hakuwa akiandika habari za utabibu. Kinywa cha mbwa kina vijidudu vingi, na jamii mojawapo imepewa jina la yule yule Pasteur. Asubuhi nyuzi tatu zilikuwa zimeng'olewa. Jioni paja likavimba, pua ikawa ya moto, mbwa akakataa chakula.

Twakiri kwamba usiku ule tuliona haya kumtazama mama mzee.

Daktari alirudi. Hakutukemea, na kimya chake kilituuma kuliko kemeo. Alifungua kidonda upya, akatoa usaha, akaosha, wala hakushona tena: kidonda kichafu kikifungwa, uchafu hubaki ndani. Lazima kiachwe wazi kijijaze chenyewe toka chini. Akampiga sindano za kuua vijidudu siku tano, akatuonya tusimpe vidonge vyetu vya maumivu, maana ibuprofeni, kwa mfano, huweza kumharibu mbwa tumbo na mafigo.

Tangu hapo kazi ikawa ya nyumbani. Asubuhi na jioni tulichemsha maji lita 1 pamoja na gramu 9 za chumvi, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Yakapoa, tukanawa mikono kwa sabuni, tukaosha kidonda bila kukisugua. Juu tuliweka kitambaa safi chenye asali, kwa kuwa asali hufyonza maji ya kidonda na vijidudu havistawi ndani yake. Hatukukaza kitambaa, tena tuliangalia vidole visivimbe. Inzi walikuwa adui mkubwa. Mbwa alilala ndani ya chandarua cha zamani. Chakula chake kilikuwa bugali laini na unga wa sambaza wa Ziwa Kivu. Na kidumu hakikuvuliwa tena hata dakika moja, alie asilie. Mtoto alilala karibu naye, akimshika mguu wa mbele.

Asali yenyewe ina habari yake. Jioni moja jirani mmoja alifika na chupa imejaa asali ya msituni, akasimama nje, hakutaka kuketi. Alisema, "Mama mzee, ule waya ulikuwa wangu." Mama mzee alimtazama kitambo. Yeye hakukosa maneno maisha yake yote, lakini siku ile aliipokea chupa kwa mikono miwili, akamletea kiti.

Juma la pili nyama nyekundu yenye chembechembe ilianza kujaza shimo. Ikitokwa damu kidogo ukiigusa, si dalili mbaya. Ni nyama hai. Juma la tano ngozi ilikutana. Siku ya 41 tulimvua kidumu, naye akajikuna shingo muda mrefu sana, macho amefumba. Mtoto akamfunga njuga yake. Kesho yake, kabla ya kengele ya Misa, tuliisikia ikilia katikati ya mahindi, na nyani wakipiga kelele. Akiteremka mlima angali anauinua mguu ule, akipanda, anaukanyagia.