Bazee wasianguke: kiti na ukuta vinatosha kuanza

Katika sendika tunasema kila siku juu ya kofia, buti na mikanda ya wale wanaoshuka mu fond. Juu ya baba aliyetoka kazi, anayeanguka usiku njiani kwenda musalani, hatusemi kitu. Na watu kama yeye ni wengi makambini mwetu. Mutu aliyeondoka Gécamines mu zile départs volontaires za 2003 akiwa na miaka 45, leo amepita 65. Katika umri huo kuanguka mara moja kunaweza kuvunja mufupa wa nyonga. Nyonga ikivunjika, jamaa yote inalala nayo kitandani: mama anaacha soko, mutoto anaacha kalasi, franga zinaishia ku hopitali.

OMS inahesabu watu 684.000 wanaokufa duniani kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamepita miaka 60.

Jibu la bazee tunalijua: "Miye nilipiga kazi mu fond miaka makumi mbili, njo unataka kunifundisha mazoezi?" Ile nguvu ilikuwa ya kweli. Lakini misuli ya mapaja haina pansio: ukiacha kuitumia, inapungua. Mutu anaanza kunyanyuka kwa kusukuma kiti na mikono, anakokota miguu, na kwa woga wa kuanguka anabaki barzani siku nzima. Pale ndipo anazidi kulegea.

Kule Nyuzilandi, watu wa Chuo Kikuu cha Otago walitengeneza mazoezi ya nyumbani kwa ajili ya wazee katika miaka ya 1990. Kinezi au muuguzi anakuja mara chache kufundisha, kisha muzee anaendelea mwenyewe mara tatu kwa juma, na siku zingine anatembea. Waliofuata mpango huo, kuanguka kwao kulipungua karibu theluthi moja. Hakuna mashine ndani yake, na hilo ndilo lilitupendeza.

Tuanze na kiti. Kiwe kigumu, kile cha plastiki kinateleza, kiegemeze ku ukuta. Simama bila kushika na mikono, kisha kaa polepole, bila kujitupa. Ikishindikana, saidia na mukono mumoja. Fanya mara tano, pumzika, rudia. Halafu shika meza nzito: nyanyua visigino, shusha polepole, mara kumi. Peleka muguu pembeni, urudishe, kisha ule mwingine. Mwisho tembea kando ya ukuta, kisigino kikigusa vidole vya muguu wa nyuma, kama mutu anayepima lupango bila metre. Hii ndiyo ngumu, na ndiyo yenye faida, maana kutembea tu hakufundishi mwili kujizuia pale unapoyumba. Mutoto mukubwa asimame karibu, asicheke.

OMS inawaambia wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi kwa juma. Mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua, au aliyevunjika juzi, aone kwanza munganga. Anayekunywa dawa ya tansio, akiamuka akae kidogo ukingoni mwa kitanda mbele ya kusimama. Na mama wa nyumba, tafadhali: maji kwenye simenti yapanguswe, zile sandale zilizolegea zitupwe, na tochi ilale karibu na muto, kwa sababu kuran tunaijua wenyewe.

Katika mazungumuzo yanayokuja na waajiri tutaomba kinezi wa kliniki apewe saa moja kila juma kwa ajili ya waliotoka kazi. Wengine watasema hao si wafanyakazi tena. Sisi tunasema magoti yao yaliishia mu ile kazi. Tukingoja jibu, hangar ya sendika itakuwa wazi asubuhi ya kila siku ya posho. Kila mutu aje na kiti chake.