Je, Wajua? Ya Baharini Yaliyopanda Maskati

Je, wajua kwamba Esmeralda, meli ya msafara uleule wa Vasco da Gama ulioitoza Kilwa dhahabu mwaka 1502, ilizama Mei 1503 kando ya kisiwa cha al-Hallaniyah, kusini mwa Omani? Wenyeji waliwaonya Wareno kuwa dhoruba ya kaskazini inakuja. Kamanda wao, Vicente Sodré, akazitegemea nanga zake za chuma. Akazama na meli yake.

Je, wajua kwamba mabaki ya meli hiyo yalionekana 1998, lakini uchimbaji mkubwa ulianza 2013? Wizara ya Urithi na Utamaduni ya Omani na mtafuta-meli David Mearns walipandisha vitu zaidi ya 2,800, yakiwemo makombora ya mawe yenye herufi VS. Ukitaka kujua ni ya nani, rudi aya ya juu.

Je, wajua kwamba chungu kilichotoka baharini hakianikwi? Kikikauka ghafla, chumvi iliyojipenyeza ndani hugeuka chembe, chembe husukuma, na ganda la juu hubanduka. Kwa hiyo kinalowekwa kwenye maji yasiyo na chumvi, yanabadilishwa, kinalowekwa tena. Chuma ndicho msumbufu zaidi: huweza kukaa kwenye dawa miezi, hata miaka. Mgeni wa makumbusho huona kioo na taa tu, kazi yote hii haioni.

Je, wajua kwamba kisahani cha shaba kutoka Esmeralda, cha sentimita 17.5, chembamba chini ya milimita 2, kiliwatatiza wataalamu? Nembo ya Ureno ilionekana, vipimo, la. Mwaka 2016 watu wa Chuo Kikuu cha Warwick walikuja Maskati na mitambo ya leza. Vikajitokeza vijistari, kimoja kila nyuzi 5: kumbe ni astrolabu, chombo cha kupimia kimo cha jua! Guinness wakaitambua kuwa kongwe kuliko zote za mabaharia. Kengele ya meli hiyo, ya 1498, nayo ikapata rekodi yake.

Je, wajua kwamba Makumbusho ya Taifa ya Omani, mkabala na kasri la Al Alam mjini Maskati, yalifunguliwa 2016 yakiwa na ukumbi mzima wa historia ya bahari?

Je, wajua kwamba karibu na hoteli ya Al Bustan, mjini humo, kuna jahazi katikati ya mzunguko wa barabara? Ni Sohar, lililoshonwa kwa kamba za makumbi kama mtepe wetu, bila msumari, likafika Guangzhou 1981.

Na Mombasa je? Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama 1697 Waomani wakiwa wameizingira Ngome ya Yesu. Vitu vyake sasa vimo ndani ya ngome hiyohiyo.