KIDONDA KIDOGO, HATARI KUBWA

Ndugu mkazi wa Dzaleka,

Mtoto amekanyaga msumari nyuma ya nyumba. Baba amejikata kwa jembe. Mama ameungua akiinua sufuria. Damu ikikauka, wengi husema: "Si kitu, kitapona chenyewe." Mara nyingi hupona kweli. Lakini kidonda kama hicho ndicho mlango wa pepopunda, na ugonjwa huo ukishaanza, hata madaktari wa Lilongwe hupata taabu kuokoa maisha.

Pepopunda inatoka wapi?
Bakteria wake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na huweza kuishi humo miaka mingi. Wakiingia katika kidonda kirefu ambamo hewa haifiki, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo ni aina ya protini. Hufuata mishipa ya fahamu, na kwa kawaida baada ya siku 3 hadi 21 taya hukaza, kumeza huwa shida, shingo na mgongo hukakamaa. Mtoto mchanga huacha kunyonya.

Sindano inafanya nini?
Katika miaka ya 1920, Gaston Ramon wa Ufaransa alionyesha kwamba sumu ya bakteria ikitiwa fomalini na kuwekwa mahali pa joto kwa muda, hupoteza ukali wake. Ni kama nyoka aliyeng'olewa meno: hawezi kukudhuru, lakini umeshamjua sura. Mwili wako hujifunza kuitambua sumu hiyo, na siku ile ya kweli ikija, askari wa damu huwa tayari.

Mtu aliyeugua pepopunda akapona naye achanjwe, kwa maana ugonjwa wenyewe hauachi kinga.

Sindano ngapi?
Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama mjamzito ambaye hajawahi kuchanjwa hupata ya kwanza mapema, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Tunza kadi yako. Ukiwa umeipoteza njiani ulipokuwa unakimbia vita, usione haya, mweleze muuguzi.

Je, inazuia uzazi?
Hapana. Maneno hayo yalienea sana Kenya mwaka 2014, na yamewafikia wengi. Sindano hii inamlinda mama, na kinga yake humfikia mtoto tumboni, ili asiugue kitovu kinapokatwa.

Ukijeruhiwa
1. Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni.
2. Usipake mavi ya ng'ombe, majivu, udongo wala dawa ya meno. Kitovu cha mtoto pia usikipake vitu hivyo.
3. Funika kwa kitambaa safi kilichokauka.
4. Fika kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa kama ni msumari, kidonda kirefu, kuungua au kuumwa na mbwa. Chukua kadi.
5. Taya likianza kukaza, usingoje asubuhi.

Na huko mbele?
Bakteria wanaendelea kutumika kutibu vidonda. Ndugu mmoja wa yule wa pepopunda hutoa protini inayokula nyama iliyokufa. Katika nchi nyingine imetengenezwa kuwa dawa ya kupaka ya kusafishia vidonda. Watafiti wa Marekani nao wamechukua protini ya bakteria inayofanana na nyuzi zinazoshikilia ngozi yetu, wakaibadilisha ili seli zishikamane nayo, na kuijaribu kama jeli ya kufunikia vidonda. Hayo bado ni ya maabara. Maji, sabuni na sindano unaweza kuvipata leo.

Ukishasoma, mpe jirani yako.