Injini Ipitayo Malaba

Baina ya magari yaliyotumika Japani ambayo kila siku hupita Busia na Malaba kuelekea Uganda, yaweza kuwamo Mazda RX-8, gari lililoacha kuundwa mwaka 2012, na ambalo kwetu haliruhusiwi tena kuingizwa kwa kuwa sheria ya Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8, ilhali sheria ya Uganda ya 2018 humvumilia mnunuzi hadi miaka 15.

Jambo hilo lilinikaa moyoni kwa sababu ya injini yake, isiyo na pistoni wala valvu, iliyotokana na fikra za Mjerumani Felix Wankel. Huko Marekani wajiundiao ndege nyumbani wameitwaa injini ya ukoo huo miaka mingi, na Tracy Crook wa Florida aliirusha ndege yake kwayo, kisha akawauzia wenziwe gia za kupunguzia mwendo.

Sisi tuliosoma habari za Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta aliyeunda ndege kwa injini ya Toyota, tulikuwa na swali moja tu: je, iliruka? Hatukuuliza injini ilishikwa vipi. Fundi mmoja wa kuchomelea mjini Busia, mtu wa makamo asiye na haraka, ndiye aliyenigutusha, kwani nilipomwonyesha michoro ya kuifunga injini ya Wankel katika ndege hakujali nguvu ya injini hata kidogo. Aliweka kidole penye vishikizo akanyamaza.

Katika gari, alinieleza, injini haivuti kitu kwa mwili wake, maana nguvu hushuka magurudumuni. Bali katika ndege pangaboi huivuta injini, na injini huiburura ndege nzima, hata vishikizo vikawa kama nira shingoni mwa maksai. Tena injini yenyewe hugeuzwa, upande uliofungwa giaboksi ukaelekea mbele, ikafungwa hapo gia ya 2.85 kwa 1 ili mizunguko 6,000 ya injini kwa dakika iwe kiasi cha 2,100 tu penye pangaboi. Na mwili wake si kipande kimoja: ni matabaka 5, vyuma 3 na baina yavyo nyumba 2 za alumini, yaliyobanwa kwa bolti ndefu, kwa hiyo mwenye hekima huilaza juu ya bamba, kisha bamba hilo likashikwa kwa mabomba ya chuma na mipira ya kumeza mtikisiko hadi ukuta wa kuzuia moto nyuma ya injini, asije akaupinda mwili ule maji na oili vikavuja. Fundi alirudia mara kwa mara habari ya mpira: ukiwa mgumu, mtikisiko wahamia kwenye mabomba, ukiwa laini, pua ya ndege yaning'inia. Uwe wa kadiri gani? Hakunijibu, wala sidhani michoro ilikuwa na jibu.

Joto nalo ni msiba mwingine, kwani oili ya injini hii hubeba sehemu kubwa ya harara na hudai kipozeo chake mbali na cha maji, na ekzosi yake hula chuma hafifu.

Je, mkono unaochomelea chesi za malori kando ya mpaka wafaa kuaminiwa angani? Mimi naona wafaa, lakini rai yangu si leseni. Basi, ewe msomaji mwenye ndoto hiyo, iendee Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kabla hujakata bomba la kwanza.