Kopo lililofichwa na ruhusa ya mwenye ardhi

MEI 3, 2000, Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta wa jimbo la Oregon, Marekani, alificha ndoo nyeusi ya plastiki msituni karibu na Beavercreek. Ndani aliweka daftari, vitabu, manati na kopo la maharage, kisha akatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo ya mahali hapo. Atakayeiona achukue kitu, aache kitu, na aandike jina.

Usiku wa kuamkia Mei 2, serikali ya Rais Bill Clinton ilikuwa imeacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Hadi hapo kifaa cha raia kiliweza kukosea kwa mita 100. Sasa kosa lilishuka hadi mita 20 au pungufu. Ulmer alitaka kuona kama kweli mtu angeifikia ndoo yake. Ndani ya siku chache ilipatikana.

Mwaka huohuo mchezo ulipewa jina, jiokeshingi, na ukaanzishiwa tovuti. Leo makopo yaliyosajiliwa yamezidi milioni tatu duniani, na yamo pia Kenya, Tanzania na Uganda.

Msakaji anahitaji simu tu. GPS humfikisha karibu. Baada ya hapo hutegemea macho na mikono yake, kwani kopo laweza kuwa dogo kuliko kidole. Akiliona husaini daftari na kulirudisha palepale. Anayechukua kitu huacha chenye thamani sawa au zaidi. Hakuna mlinzi wala faini. Mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu wa watu wasiojuana.

Tatizo ni wale wasioujua mchezo. Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akificha kitu nje ya mgahawa. Polisi waliitwa, barabara ikafungwa, na wataalamu wa mabomu wakakilipua. Lilikuwa kopo la wasakaji.

Katika ukanda huu, hofu ya namna hiyo haihitaji maelezo. Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa Agosti 1998, na Kampala Julai 2010. Mlinzi anayemwona kijana akisukuma kopo chini ya benchi hawezi kulaumiwa akipiga filimbi.

Ndiyo maana kanuni za mchezo zinadai ruhusa ya mwenye ardhi, na zinakataza makopo karibu na shule, kambi za jeshi, viwanja vya ndege na majengo ya serikali. Kufukia kopo pia hairuhusiwi.

Ipo njia isiyohitaji kopo kabisa. Tangu 2004, wasakaji wamekuwa na aina ya kituo ambacho hazina yake ni ardhi yenyewe: mwamba, chemchemi ya maji moto au ukingo wa bonde. Mgeni hujibu maswali kuhusu jinsi mahali hapo palivyotokea, na haachi kitu wala hachukui kitu. Ruhusa ya wasimamizi wa eneo bado inahitajika.

Kwa nchi zinazopitiwa na Bonde la Ufa, mali ya mchezo wa aina hiyo imejaa tele, na haimtii mlinzi yeyote wasiwasi.