Motokari ya Zamani: Pima Kabla ya Kulipa

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Hapa Goma, mtu akipata pesa ya kumaliza kazi au zamu yake ya likelemba, mara nyingi huwaza jambo moja: anunue Land Cruiser ya zamani, ipande Masisi na kurudi na viazi, maharagwe na jibini. Si wazo baya. Motokari hizi ni imara, injini zake hazina mambo mengi ya umeme, na mafundi wa mtaani wanazijua. Lakini kwa sababu zinapendwa, nyingine hupakwa rangi na kuuzwa kwa jina tu. Rangi mpya haisimamishi motokari mlimani. Tuone namna ya kuitambua, kuikagua na kuipimia bei kabla pesa haijatoka mkononi.

1. IJUE NI IPI

Muuzaji atakutajia mwaka. Usibishane naye. Fungua boneti, usome kibati kilicho kwenye ukuta nyuma ya injini. Herufi za kwanza hutaja injini, herufi J hutaja Land Cruiser, na tarakimu hutaja umbo.

BJ ni mazutu yenye silinda nne. HJ ni mazutu yenye silinda sita. FJ ni ya esanse. HZJ ni mazutu ya silinda sita, injini ya 1HZ, ambayo ilianza mwaka 1990.

Zile za namba 40 na kuendelea, zenye uso wa duara tunaoujua sana, zilianza mwaka 1960 na kuishia mwaka 1984. Hapo ndipo zilipoingia zile za namba 70. Namba 75 ni ile ndefu. Mwaka 1999 nafasi yake ilichukuliwa na 78 na 79.

Sasa tumia akili yako. Mtu akikuambia, “Hii ni HZJ75 ya mwaka 1986,” kuna kitu si kweli, kwa maana mwaka huo injini hiyo haikuwapo. Mwingine akikuuzia HJ75 kwa bei ya motokari ya mwaka 1997, jua anakuongezea miaka ambayo haipo. Tazama na magurudumu: 75 ina nati sita kwa kila gurudumu, 78 na 79 zina nati tano. Dalili hii peke yake haitoshi, kwa sababu ekseli hubadilishwa; lakini ukiona haipatani na kibati, uliza.

Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye shasi yenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Sugua matope kwa brashi ya waya. Namba hiyo, ya kibati na ya karatasi lazima zilingane. Vita vimepita mji wetu mara nyingi, na motokari nyingi zimeporwa. Ukikuta namba imesuguliwa kwa tupa, au imezungukwa na alama mpya za kuchomelea, shukuru, uende zako. Mwenye mali akijitokeza kesho, utapoteza motokari na pesa pamoja.

2. TAZAMA CHINI, LAKINI UTOKE MZIMA

Usiingie kamwe chini ya motokari iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo mazito ya mti mgumu, na uzibe magurudumu. Usitumie mawe ya volkano. Yana matundu mengi ndani, na jiwe moja likipasuka, kifua chako ndicho kitakachopokea uzito.

Kama ukaguzi unafanywa ndani ya shimo la gereji, kumbuka mazuku. Ile gesi nzito isiyo na harufu hukaa mabondeni na mashimoni, na imeua watu na mifugo kandokando ya Goma na Sake. Shimo lisiloaminika usishuke. Usilijaribu kwa kiberiti, maana kuna mafuta karibu.

Chini hapo tafuta kutu na nyufa. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira huifanya mvua yetu kuwa na asidi. Kila mama anajua jinsi mabati ya nyumba yanavyooza. Chuma cha shasi nacho huliwa vivyo hivyo. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Kagua hasa mahali usukani unapofungwa na mahali springi zinaposhikwa. Lami nyeusi mbichi iliyopakwa sehemu moja tu ina jambo inaloficha. Hesabu majani ya springi moja moja. Mawe ya lava ya 1977, 2002 na 2021 yamevunja mengi.

3. INJINI IKIWA BARIDI

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini mbovu huficha ugumu wa kuwaka ikiisha kupashwa.

Fungua radieta ikiwa baridi tu. Ikiwa moto, maji yatakuunguza uso. Mafuta yakielea juu ya maji, au mafuta ya injini yakifanana na chai ya maziwa, maji na mafuta yamekutana, na matengenezo yake ni makubwa. Iwashe mahali penye upepo, si ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa bluu usiokoma ni mafuta ya injini yanayoungua. Moshi mweusi ni mazutu mengi kuliko hewa. Pengine ni chujio chafu tu, pengine ni pampu.

Injini ya 1HZ ina mkanda wa taimingi. Uliza ulibadilishwa lini. Kama hakuna uthibitisho, hesabu kwamba haujabadilishwa. Injini za 3B na 2H hutumia gia, hazina mkanda huo.

4. FRENI KABLA YA YOTE

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga freni mara kadhaa. Shikilia kanyagio, kisha washa injini. Likishuka kidogo, msaada wa freni unafanya kazi. Endelea kulikandamiza kwa dakika moja. Likizama polepole hadi chini, freni zinavuja, na motokari hiyo isitoke barabarani hata kwa majaribio.

Zungusha usukani kidogo kushoto na kulia, mwenzako akitazama magurudumu. Usukani ukizunguka sana kabla magurudumu hayajasogea, viungo vimekwisha.

Kwenye mpira soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Pitisha mkono pembeni mwa mpira, upande wa ndani pia, kutafuta mikato ya mawe.

5. SASA BEI

Uliza kwanza bei ya motokari ya aina hiyo iliyo nzima, kwa wauzaji watatu. Kisha fanya hesabu mezani, mama wa nyumba akiwapo, kwa maana pesa hiyo ni chakula na shule ya watoto. Tuchukue mfano tu:

Motokari nzima: dola 10,000
Toa freni: 350
Toa mipira mitano: 900
Toa springi: 300
Toa mkanda na pampu ya maji: 200
Toa akiba ya ubovu usioonekana: 800
Inabaki: dola 7,450

Hiyo ndiyo thamani yake kwako, hata muuzaji akitaja nini. Na zile dola 2,550 zilizotolewa si faida ya kufanyia karamu. Ni pesa ya matengenezo, na freni zitengenezwe kabla ya safari ya kwanza.

Lakini kuna mambo mawili yasiyopunguziwa bei: shasi iliyooza au kupasuka, na namba isiyolingana. Hapo hata bei ya nusu ni ghali.

Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji, na umlipe kwa ukaguzi, motokari ununue au usinunue. Fundi anayelipwa pale tu unaponunua atakuambia ununue.

Ndugu, mgodini hatuingii chini kabla paa halijakaguliwa. Motokari itakayobeba watoto wako kuteremka Sake nayo haistahili macho madogo kuliko hayo. KAGUA KWANZA, LIPA BAADAYE.